Malipo yafuate mzigo: somo la madeni ya siri kwa pwani ya Macaloe

Mchuuzi wa ng'onda anayevuka kutoka Mtwara kwenda visiwa vya Quirimbas halipii mzigo asiouona. Bahari ikiwa salama, anashuka Macaloe, anafungua tenga moja moja, anabonyeza samaki kujua kama wamekauka, anawanusa, anahesabu, kisha ndipo anatoa fedha. Kama alitanguliza kiasi fulani cha kununulia chumvi, nyuzi au mafuta ya mashine, kiasi hicho kimeandikwa daftarini na kitakatwa. Kama hawezi kukaa kisiwani, anamwacha mtu wake wa kumhesabia, na mtu huyo halipwi na mvuvi. Mvuvi naye haoni kuwa ametukanwa. Anajua biashara ndivyo ilivyo.

Macaloe ni kisiwa kidogo cha wavuvi mkoani Cabo Delgado, kusini mwa Mocímboa da Praia na kaskazini mwa Ibo. Hakina idara ya ununuzi wala mkaguzi wa mahesabu. Lakini kanuni hiyo ya ufukweni ndiyo iliyokosekana pale Msumbiji ilipofanya ununuzi wa dola bilioni 2 kwa jina la bahari hiyohiyo. Boti zilinunuliwa, rada zikanunuliwa, mikopo ikasainiwa, na hakuna aliyesimama ufukweni kuhesabu.

Sasa fedha kubwa zaidi zinarudi Cabo Delgado kupitia mradi wa gesi, na wafanyabiashara wa pande zote mbili za Mto Ruvuma wanajipanga kuuza humo. Wengi wao wanauliza zabuni zitatoka lini. Swali linalostahili kutangulia ni nani atakayepima kazi ya wazabuni, kwa kipimo gani, na atakuwa na uwezo gani wa kuzuia malipo.

Kampuni tatu, muuzaji mmoja

Kati ya mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu za Serikali ya Msumbiji zilichukua mikopo mikubwa. Proindicus ilikopa dola milioni 622 kwa ajili ya ulinzi wa pwani: boti za doria, vituo vya rada na ndege. Ematum ilikopa dola milioni 850 ili kuanzisha kundi la boti za kuvua jodari. MAM ilikopa dola milioni 535 kwa ajili ya karakana za kutengeneza meli, Pemba na Maputo. Kwenye karatasi, mpango ulionekana umekamilika. Proindicus ingelinda maji, Ematum ingevua ndani ya maji yaliyolindwa, na MAM ingetengeneza vyombo vya kampuni zote mbili.

Mikopo ilitoka Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Mkandarasi mkuu aliyeuza vyombo, mitambo na mafunzo kwa kampuni zote tatu alikuwa kundi moja, Privinvest, la mfanyabiashara Iskandar Safa. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alitia saini dhamana za serikali bila idhini ya Bunge. Hati fungani za Ematum zilijulikana sokoni tangu mwaka 2013, lakini mikopo ya Proindicus na MAM ilifichwa hadi mwaka 2016. Ndiyo maana Wamsumbiji wanayaita madeni ya siri.

Baada ya kashfa kulipuka, kampuni ya Kroll ilipewa kazi ya ukaguzi, na muhtasari wa ripoti yake ulichapishwa Juni 2017. Mtaalamu huru aliyetumiwa na Kroll alilinganisha bei za ankara na bei za kawaida za vifaa vya aina hiyo. Tofauti ilikuwa dola milioni 713. Boti ya uvuvi ya Ematum ilitozwa takriban dola milioni 22, wakati mtaalamu huyo aliikadiria kuwa ya karibu dola milioni 2. Matumizi ya dola milioni 500 hivi za mkopo wa Ematum hayakuweza kuthibitishwa kwa nyaraka. Kampuni zote tatu hazikuwa zikifanya kazi kama zilivyopangwa.

Privinvest imekana kufanya kosa na imeshikilia kwamba ilifikisha kila ilichoahidi kuuza. Utetezi huo unastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna somo. Ni kweli kwamba vyombo vilifika. Boti zilizoundwa katika kiwanda cha CMN mjini Cherbourg, Ufaransa, zilionekana bandarini Maputo kwa macho ya kila mtu. Zikakaa hapo miaka, zimefungwa gatini. Kufika kwa mzigo peke yake hakutoshi. Mzigo lazima uwe ule ulioagizwa, kwa bei inayolingana nao, ukiwa na uwezo wa kufanya kazi iliyokusudiwa. Mtu anayenunua injini ya mashua hapokei chuma. Anapokea injini baada ya kuiwasha.

Mlango ulioachwa wazi

Wasimamizi wa miradi wana maneno mengi ya kueleza jinsi mzabuni anavyofuatiliwa. Ukiyavua mapambo, yanabaki mambo manne: bei ijulikane kabla ya kuagiza, malipo yaende na hatua za kazi, mzigo upokelewe na mtu asiyefaidika na uuzaji wake, na kumbukumbu ziwepo mahali ambapo mwenye mali anaweza kuzisoma. Katika ununuzi wa Msumbiji, yote manne yaliachwa.

Bei haikushindanishwa. Hapakuwa na zabuni ya wazi ambayo ingewapa wanunuzi bei tatu au nne za kulinganisha. Mchuuzi wa vitunguu anayeingia soko geni hupita kwanza meza zote kabla ya kuuliza bei mara ya pili. Kampuni tatu za serikali hazikupita meza hata moja zaidi ya ile iliyowekwa mbele yao.

Malipo hayakufuata hatua za kazi. Benki zilikata ada zao na kupeleka fedha za mikopo moja kwa moja kwa mkandarasi. Hazikupitia katika akaunti za kampuni zilizokopa. Kwa njia hiyo mnunuzi alijivua silaha yake ya pekee. Mzabuni akichelewa, akileta kitu pungufu au akipandisha bei, mwenye fedha mkononi anaweza kusema subiri. Msumbiji haikuwa na fedha mkononi. Ilikuwa na deni.

Upokeaji haukuwa huru. António Carlos do Rosário, ofisa wa idara ya usalama wa taifa, ndiye aliyeongoza kampuni zote tatu. Aliyeagiza, aliyepokea na aliyepaswa kulalamika alikuwa mtu yuleyule. Desemba 2022 mahakama ya Maputo ilimhukumu kifungo cha miaka 12, yeye na wengine 10 wakitiwa hatiani kati ya washitakiwa 19. Hata kama angekuwa mwadilifu kupita wote, mpangilio huo ungekuwa mbaya. Hakuna duka la jumla Mikindani ambalo karani mmoja huagiza, hupokea stoo, na huandika hundi.

Kumbukumbu nazo zilifungiwa. Neno "usalama wa taifa" lilitumika kuzuia maswali, na Kroll wenyewe walinyimwa baadhi ya taarifa kwa sababu hiyo. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila lilifungiwa kabatini na ufunguo akaachiwa aliyetakiwa kukaguliwa.

Aliyelipa ni nani

Aprili 2016 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha msaada wake, na wafadhili waliokuwa wakichangia bajeti moja kwa moja wakafuata. Metikali ikaporomoka mwaka huohuo. Wafanyabiashara wa mpakani hawakuhitaji kusoma habari za London ili kujua kuna jambo. Aliyeuza mchele au saruji ng'ambo ya Ruvuma kwa mkopo, akalipwa metikali miezi kadhaa baadaye, aliona faida yake imeyeyuka wakati wa kubadilisha fedha. Deni ambalo hakulijua lilikuwa limekaa katikati ya biashara yake.

Bahari nayo ilibaki bila mwenyewe. Oktoba 5, 2017, miezi michache baada ya ripoti ya Kroll, wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia, na vita vikaanza Cabo Delgado. Mwaka 2020 visiwa vya kaskazini vilishambuliwa, watu wakakimbia kwa madau na mashua kuelekea Pemba, na bandari ya Mocímboa ikaanguka mikononi mwa wapiganaji Agosti mwaka huohuo. Haikukombolewa hadi Agosti 2021, baada ya majeshi ya Rwanda kuingia. Nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, zilituma kikosi chao mwaka huohuo.

Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba boti na rada za Proindicus zingezuia vita. Vita vya Cabo Delgado vina mizizi mingi, na mingi iko nchi kavu. Lakini ni haki kuuliza kwa nini pwani ambayo serikali ilikopa dola milioni 622 kuilinda, miaka minne tu kabla ya shambulio la kwanza, ilionekana tupu pale watu wa visiwani walipohitaji kuona chombo cha serikali upeo wa macho. Mvuvi wa Macaloe hakuulizwa kama anataka rada. Aliambiwa baadaye kuwa anadaiwa gharama yake.

Mahakama si mkaguzi

Kuna wanaosema kwamba haki imetendeka mwishoni. Oktoba 2021 Credit Suisse ilikiri kosa nchini Marekani na kukubaliana na mamlaka za nchi mbalimbali kulipa karibu dola milioni 475, pamoja na kusamehe dola milioni 200 za deni la Msumbiji. Baraza la Katiba la Msumbiji lilitangaza dhamana hizo kuwa batili, ya Ematum mwaka 2019 na zile nyingine mwaka 2020. Julai 2024 Mahakama Kuu ya London iliamua kesi dhidi ya Privinvest kwa upande wa Msumbiji na kuipa haki ya zaidi ya dola milioni 825. Mwezi uliofuata Manuel Chang alitiwa hatiani New York, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu.

Ni ushindi, na Msumbiji inastahili sifa kwa kuupigania. Lakini ulichukua zaidi ya miaka 10, ukahitaji mawakili wa mabara matatu, na hukumu ya fedha ni jambo moja, kuzipata fedha zenyewe ni jambo jingine. Kumfuatilia mzabuni wakati kazi inaendelea kunagharimu mshahara wa mkaguzi mmoja mwaminifu na safari chache za kiwandani. Kumfuatilia baada ya kazi kwisha kunagharimu kizazi.

Upande wa kaskazini wa Ruvuma hauna sababu ya kucheka. Mwaka 2006 Tanzania, ikiwa gizani kwa ukame uliokausha mabwawa, iliipa kampuni ya Richmond mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati, na mkataba ukahamishiwa kwa Dowans. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilitoa ripoti yake Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wengine wawili. Watu wengi wanaikumbuka sehemu hiyo. Wachache wanakumbuka iliyofuata: TANESCO ilivunja mkataba, Dowans ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2010 TANESCO ikaamriwa ilipe takriban Sh94 bilioni.

Somo la pili la Richmond ni zito kuliko la kwanza. Mnunuzi asiyeandika udhaifu wa mzabuni wake hatua kwa hatua, kwa tarehe na kwa sahihi, hujikuta yeye ndiye mvunjaji wa mkataba. Hasira ya Bunge, hata ikiwa ya haki, haikubaliki kama ushahidi mbele ya wasuluhishi. Kinachokubaliwa ni barua ya onyo iliyopokelewa, taarifa ya ukaguzi iliyosainiwa na pande mbili, na kifungu cha mkataba kinachosema nini kitatokea siku ya 30 ya ucheleweshaji.

Kila mmoja amemaliza kazi yake, mpango haujakamilika

Kuna kosa jingine, la kimyakimya, ambalo halina rushwa ndani yake na kwa hiyo halipelekwi mahakamani. Ni kumpima kila mzabuni peke yake na kusahau mpango mzima.

Mei 2010 Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walifungua Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, lenye urefu wa mita 720. Ndoto ya daraja hilo ilianzia enzi za Julius Nyerere na Samora Machel. Mkandarasi wa Kichina alimaliza kazi aliyopewa, na daraja ni imara. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo barabara ya kutoka Negomano kwenda Mueda ilibaki ya udongo, na masika yakija lori lilikwama mbali na daraja lenyewe. Mjenzi wa daraja hakuwa na kosa. Aliyekosa ni yule aliyepaswa kuangalia kama daraja, barabara na ofisi za mpakani vinafika pamoja. Mfanyabiashara halipwi kwa kuvuka mto. Analipwa mzigo ukifika sokoni.

Mpango wa Msumbiji wa mwaka 2013 nao ungekwama hapo hata kama bei zingekuwa halali. Boti za uvuvi zilikuja kabla ya manahodha na masoko, karakana zilikopewa fedha kabla ya kuwapo vyombo vya kutengeneza, na mapato ya kulipia mikopo yalitegemea vyote vitatu viende kwa pamoja. Kila ankara iliyolipwa ilikuwa hatua mbele kwa muuzaji. Hakuna aliyeuliza kama ilikuwa hatua mbele kwa mpango.

Gesi na ankara zinazokuja

Yote hayo yangekuwa historia kama si kinachoendelea Afungi, karibu na Palma. Mradi wa gesi wa Mozambique LNG, unaoongozwa na TotalEnergies na kukadiriwa kugharimu dola bilioni 20, ulisimama Aprili 2021 baada ya shambulio la Palma la mwezi Machi. Novemba 2025 kampuni hiyo ilitangaza kuondoa sharti la dharura lililosimamisha kazi. Pamoja na tangazo hilo, iliiomba serikali kutambua dola bilioni 4.5 kuwa gharama za ziada za kipindi cha kusimama. Serikali ikasema gharama hizo zitakaguliwa.

Mfanyabiashara mdogo anaweza kudhani mabishano hayo ni ya wakubwa. Si hivyo. Katika mikataba ya gesi, mwekezaji hurudisha kwanza gharama zake kutoka katika mapato kabla serikali haijapata sehemu yake kamili. Kila ankara iliyovimba, iwe ya bomba au ya chakula cha wafanyakazi, inasogeza mbele siku ambayo shule ya Macomia itaona fedha za gesi. Mkaguzi anayepitia ankara za wazabuni wa Afungi anakagua mfuko wa watu wa Cabo Delgado.

Halafu kuna upande wa mzabuni mdogo mwenyewe. Waendeshaji wa mradi walishaahidi kwamba dola bilioni 2.5 zitatumika kununua kutoka kampuni za Msumbiji wakati wa ujenzi. Mwaka 2021 mradi uliposimama, waliokopa kununua magari, kujenga nyumba za kupangisha na kujaza maghala walibaki na mikopo mkononi, na vyama vya wafanyabiashara vya Msumbiji vililalamikia ankara zilizokwama. Kupima kazi ya mzabuni bila kupima ulipaji wa mnunuzi ni mizani ya sahani moja. Mzabuni aliyeleta nyanya safi kwa siku iliyoandikwa ametimiza. Mnunuzi anayemlipa baada ya siku 120 hajatimiza, na hilo nalo liandikwe.

Wafanyabiashara wa Mtwara wanaovuka kwa kivuko cha Kilambo, na wenzao wa Palma na Pemba, hawataandika mikataba ya mabilioni. Lakini wana mambo ya kudai, na mengine wanaweza kuyafanya wenyewe bila kusubiri mtu.

La kwanza, oda iwe ya maandishi: kiasi, ubora, mahali pa kukabidhi, siku ya kukabidhi na siku ya kulipwa. Oda ya simu haitoshi, hata ikitoka kwa mtu anayefahamika. La pili, kila mzigo uwe na hati ya kupokelea yenye jina la aliyepokea, saa, na idadi iliyokubaliwa na iliyokataliwa. Mzigo ukikataliwa, sababu iandikwe papo hapo, si wiki mbili baadaye wakati samaki wameshaliwa. La tatu, fedha za awali zisizidi mahitaji ya kuanzia kazi, na zikatwe kidogo kidogo kwenye kila malipo, kama mchuuzi wa ng'onda anavyomkata mvuvi fedha za chumvi.

La nne, vyama vyao vifungue daftari la pamoja. TCCIA upande wa Tanzania na CTA upande wa Msumbiji vina wanachama wanaofanya biashara na wakandarasi walewale. Vikikusanya taarifa za nani analeta mzigo kamili na nani analipa kwa wakati, na kuzitangaza kila robo mwaka, vitakuwa vimefanya kazi ambayo hakuna tume itakayoifanya vizuri zaidi. Mkandarasi mkubwa anayechelewesha malipo Palma leo ataomba bei ya mkopo Mtwara kesho. Anayejua habari zake atajua bei ya kumpa.

Wapo watakaosema masharti haya yatawaumiza wadogo, kwamba mama anayeuza mayai hana karani wala kompyuta, na kwamba ukaguzi mwingi ndio unaowapa wakubwa sababu ya kununua kila kitu Johannesburg au Dubai. Hoja hiyo ina uzito. Fomu yenye kurasa 40 ni ukuta, si kipimo. Lakini hati ya kupokelea mzigo ni karatasi moja, na daftari linauzwa kila duka. Kinachowafukuza wadogo ni masharti yanayobadilika na malipo yasiyofika. Kipimo kinachojulikana mapema, chenye maneno machache katika Kireno, Kiswahili na Kimwani, kinampa mama wa mayai kitu ambacho hakuwa nacho: ushahidi kwamba mzigo wake ulikuwa mzima ulipotoka mikononi mwake.

Wengine watasema kuwa Cabo Delgado bado ni eneo la vita, na kwamba usalama hauruhusu uwazi wote. Kweli, hakuna anayetaka ratiba za doria zibandikwe ukutani. Lakini bei ya kiroba cha mchele si siri ya jeshi, wala bei ya boti baada ya kununuliwa. Msumbiji ilishaona kinachoota chini ya kivuli cha neno hilo. Kama taarifa fulani lazima ifichwe kwa umma, isifichwe kwa Bunge na kwa mkaguzi mkuu. Kati ya kutangaza kila kitu na kuficha kila kitu kuna nafasi kubwa, na serikali zinazotaka kulinda watu wake huitumia.

Biashara ya pwani hii ni ya kale kuliko mpaka wenyewe. Kabla Wajerumani na Wareno hawajagawana Ruvuma, majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na Wamwani wa Quirimbas waliuza na kununua na watu wa Mikindani na Kilwa kwa mkopo, kwa ahadi, na kwa kuhesabiana. Uaminifu huo haukuwa wa kufumba macho. Uliishi kwa sababu kila mmoja alijua kwamba mwenzake atahesabu, na kwamba akipunja habari itamtangulia bandari inayofuata.

Siku wavuvi wote watakaporudi Macaloe na matenga kupangwa tena ufukweni, mchuuzi atafungua la kwanza, atabonyeza samaki, atahesabu. Serikali zinazonunua kwa jina lake na kampuni zinazochimba mbele ya kisiwa chake zinapaswa kuwa na bidii angalau sawa na yake. Zikishindwa kufanya hivyo, ankara itakuja, kama ilivyokuja mwaka 2016, na itapelekwa kwa watu ambao hawakuuona mzigo.